Karatasi ilivyotudanganya mara mbili kwa siku moja: kisa cha zebaki mwaloni Geita

Ngoja nikiandike hiki kisa chote mwanzo mpaka mwisho, maana nimeshakisimulia kwa vipande vipande na kila mtu kaondoka na kipande chake, mmoja anasema vihisi vya polima, zile karatasi za kupimia zebaki kwenye maji, ni utapeli wa wasomi, mwingine anasema kumbe maji ya mwalo hayana shida, na wote wawili wamekosea. Kijiji sitakitaja. Ni mkoa wa Geita, machimbo ya wachimbaji wadogo kama yalivyo mengine mengi kule, maduara, yale mashimo ya kuchimbia, yako upande wa mlimani, makarasha ya kusagia mawe yanapiga kelele kutwa, chini kidogo kuna mwalo wa kuoshea mchanga, halafu chini kabisa kuna jamaa kajenga matenki ya kulowekea marudio, yaani mchanga uliokwisha oshwa, kwa sainaidi ili atoe dhahabu iliyobaki, na mtaro wa matenki unatiririkia kwenye majaruba ya mpunga. Katikati ya mwalo na matenki kuna kisima kifupi, akina mama wanachota maji ya kufulia na, tuseme tu ukweli, ya kupikia pia siku bomba likikauka.

Lalamiko lilianzia hapo kisimani. Mama mmoja alikuwa anasema maji yana ladha ya chuma na watoto wanaumwa tumbo, na kijiji kizima kilikuwa kimeshaamua mchawi ni nani, ni mzee mwenye mwalo, kwa sababu kila mtu anaona pale watu wanavyokanda mchanga na zebaki ya kunasia dhahabu kwenye makarai kwa mikono mitupu. Mwenye matenki yeye hakuna aliyemsema, ana geti, ana mlinzi, ana kibao cha fuvu, watu wakiona kibao wanadhani usalama upo.

Mimi ni mkemia, na kipindi hicho rafiki yangu niliyesoma naye alikuwa anamalizia masomo nje kwenye maabara inayotengeneza polima zinazong'aa, akanitumia bahasha ya karatasi za chujio zilizopakwa utando mwembamba wa polima yenyewe. Ukiimulika na tochi ya UV, ile ile ya kukagulia noti, karatasi inawaka kijani-bluu mpaka raha. Ikikutana na ioni ya zebaki, yaani zebaki iliyoyeyuka kwenye maji ikiwa na chaji ya umeme, inafifia. Akaniambia kajaribu, inakamata nanomola 10, na nanomola 10 za zebaki ni kama mikrogramu 2 kwa lita, ambacho ndo kiwango cha mwisho cha maji ya kunywa kule Marekani, Shirika la Afya Duniani (WHO) wao wanaruhusu mikrogramu 6 kwa zebaki isiyo ya kaboni. Kwa hiyo kwenye kichwa changu nilikuwa nimebeba maabara mfukoni.

Hapa niseme kidogo hiki kitu kinafanyaje kazi, maana bila hivyo huko mbele hutaelewa kilichotuponza. Polima ya hivi si kama ya ndoo. Mnyororo wake una bondi, vile viungo vya kushikanisha atomi, za moja moja na za mbili mbili zinazopokezana urefu wote, kwa hiyo nishati ya mwanga ikiingia haitulii pale ilipoingia, inatembea kwenye mnyororo huku na huku kabla haijatoka kama mwanga unaouona. Sasa chukua barabara moja ndefu yenye shimo moja tu, halafu bodaboda anapita humo anaenda anarudi bila taa, mwisho wa siku atatumbukia tu hata kama shimo ni moja. Ioni ya zebaki ikikaa sehemu moja ya mnyororo ndo inakuwa shimo, nishati ikifika pale inapotea kama joto na mnyororo mzima unafifia, wakati molekuli za kawaida za kung'aa ioni moja inazima molekuli moja basi. Hili la mnyororo walilionyesha Zhou na Swager pale Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, mwaka 1995, na wala hawakuwa wanatafuta zebaki, walitumia paraquat, ile ile ya kuua magugu.

Halafu lazima uwe na kitu cha kumkamata zebaki peke yake asije akakaa kila mpita njia. Karatasi zetu mnyororo wake ulikuwa umeotesha vitawi vya thaimini, ile herufi T ya kwenye DNA. Thaimini mbili zinamshika zebaki katikati kama watu wawili wamebeba gunia, hilo Ono na Togashi wa Japani walilitumia kwenye kihisi chao cha DNA mwaka 2004, na ioni nyingine za kawaida hazishikiki hivyo. Kwa hiyo kwenye makaratasi ya kisayansi unaona mchoro mzuri, nguzo ya zebaki iko juu, kadimi chini, risasi chini, zinki chini, kalsiamu chini, safi kabisa. Nikaamini.

Tukafika kijijini asubuhi, mimi na kijana mmoja wa kazini, tukapokelewa na mwenyekiti, watu wakajaa. Hilo lilikuwa kosa la kwanza na sikuliona, kupima mbele ya umati. Tukachukua chupa tatu, ya kwanza bwawa la mwalo, ya pili kisima, ya tatu mtaro unaotoka kwenye matenki. Tukaingia kwenye ofisi ya kijiji tukafunga madirisha ili giza liwepo, watu wakabaki wanachungulia mlangoni. Nikachovya karatasi dakika tano kila moja, nikawasha tochi.

Ya bwawa ilikuwa imezimika, yaani nyeusi kabisa. Ya kisima imefifia kidogo. Ya mtaro wa matenki inawaka kama mpya.

Mlangoni palilipuka. Mzee mwenye mwalo alikuwa amesimama nyuma, akaniuliza kwa sauti ya chini tu, "Kwa hiyo mwanangu, mimi ndo nimewalisha watu sumu?" na mimi, nakiri, nikamjibu "ndo inavyoonekana mzee". Meneja wa matenki naye kumbe alikuwepo, akapiga picha karatasi yake inayowaka.

Kabla hatujaondoka nikataka kuchukua sampuli rasmi za kupeleka maabara Mwanza, nikawa na chupa ambazo ndani tayari nimeshatia asidi ya naitriki kidogo, ndo utaratibu wa metali kwenye maji, asidi inazuia metali isigande kwenye kuta za chupa. Nimeinama kwenye mtaro nataka kujaza, mlinzi wa matenki akapiga kelele, "Wee bwana, hayo hayachanganywi na asidi!" Nikasimama. Mlinzi! Hajasoma kemia hata siku moja, ila anajua maji ya sainaidi yanatunzwa kwa chokaa ili yakae upande wa besi, ukiyashusha pH, kile kipimo cha asidi na besi, chini ya 9 hivi gesi ya haidrojeni sainaidi inaanza kutoka na hiyo gesi haikupi muda wa kujifunza. Kwenye mtaro wazi na chupa ndogo huenda nisingekufa lakini huo si mjadala. Sampuli ile tukaichukua bila asidi, tukaiweka peke yake kwenye baridi na nikaandika kwa maneno makubwa kuwa ina sainaidi ili wa maabara wasije wakaifungua kizembe. Sasa fikiria, mtu nimepokea tahadhari ya mlinzi dakika ile ile nimetoka kutangaza kuwa maji ya mtaro ni salama, na akili bado haijaunganisha hivyo vitu viwili.

Akili iliunganisha usiku, gesti. Nilikuwa nazipanga zile karatasi kwenye daftari, nikaona ile ya bwawa ina rangi ya kutu. Nikaisuuza kwa maji ya dukani, maji ya chupa, nikawasha tochi. Ikawaka. Si yote, kama nusu hivi, lakini ikawaka.

Hapo nikakaa kitandani. Zebaki aliyeshikwa na thaimini hatoki kwa kusuuzwa na maji ya chupa. Kama mwanga umerudi kwa kusuuza basi kilichouzima hakikuwa kimeshikwa, kilikuwa kimekaa juu tu. Na bwawa la mwalo ni nini? Ni udongo mwekundu uliosagwa na karasha mpaka ukawa unga, umejaa chembe ndogo ndogo za kutu ambazo hazitulii hata ukiacha chupa siku nzima. Kutu inafyonza mwanga wa UV vizuri sana. Kwa hiyo mwanga wa tochi ulikuwa unaliwa kabla haujafika kwenye polima, na ule kidogo uliofika, kung'aa kwake nako kulikuwa kunaliwa tena wakati wa kutoka. Karatasi haikuzimwa, ilifunikwa blanketi. Ile michoro mizuri ya nguzo inapima nani anashikwa na thaimini, haipimi nani anaziba taa, na hayo ni maswali mawili kabisa ambayo kwenye maji ya maabara yaliyochujwa mara mbili yanafanana tu kwa sababu hamna tope.

Tuliporudi kazini nikafanya kitu kingine ambacho ningepaswa kukifanya kabla ya kukanyaga kijijini. Nilikuwa na sisteini, asidi amino yenye salfa, na zebaki anapenda salfa kuliko karibu kila kitu kingine, ukidondoshea sisteini karatasi iliyozimwa na zebaki wa kweli inamnyang'anya thaimini na mwanga unapanda. Karatasi ya kipimo niliyoizima mwenyewe kwa zebaki ninayemjua, mwanga ukapanda. Karatasi ya bwawa iliyosuuzwa, ile nusu iliyobaki imezimika, haikusogea hata kidogo. Basi, ya bwawa nikawa nimeshaelewa, kutu. Jamaa mmoja akashauri tutie EDTA, kemikali inayokamata metali, iondoe metali zinazosumbua, nikamwambia EDTA inamkamata na zebaki pia tena kwa nguvu, tutakuwa tumefukuza wezi pamoja na mwenye nyumba.

Iliyobaki ni ya mtaro, ile inayowaka. Nikachukua maji ya mtaro, nikatia kiasi cha zebaki ninachokijua, kingi, kiasi ambacho kwenye maji safi kinaizima karatasi mpaka huoni kitu. Nikachovya. Ikawaka vile vile.

Nikaongeza. Ikawaka vile vile.

Sijui kama naeleza vizuri jinsi hilo linavyotisha. Maji yale yalikuwa yanamla zebaki na kumficha. Na ukifikiria inaleta maana kabisa: marudio ni mchanga uliokwisha kupita mwaloni, kwa hiyo tayari una mabaki ya zebaki, mwenye matenki anaununua kwa tripu, anauloweka kwenye sainaidi ili atoe dhahabu iliyobaki, na sainaidi haichagui, inayeyusha dhahabu na inamyeyusha zebaki pia, halafu inamkumbatia kwa nguvu ambayo thaimini haiwezi hata kuisogelea. Zebaki aliyekuwa ametulia kwenye mchanga kama kitone kizito sasa anasafiri na maji, kwenye majaruba, na karatasi yangu inamwona hayupo kwa sababu yenyewe inajua kitu kimoja tu, ioni ya zebaki iliyo huru. Akiwa amekumbatiwa na mtu mwingine kwake si zebaki. Hii ndo sababu mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ambao Tanzania iliridhia 2020, unahesabu kulowesha kwa sainaidi mchanga wenye zebaki bila kuitoa kwanza kuwa moja ya mambo mabaya kabisa yanayotakiwa kukomeshwa. Nilikuwa nimesoma hicho kipengele. Kusoma na kukumbuka ni vitu tofauti.

Majibu ya Mwanza yakaja baadaye. Mashine yao kwa zebaki inatumia mvuke baridi, sampuli inachemshwa kwanza na asidi na vioksidishaji ili kila aina ya zebaki avunjwe atoke alikojificha, kisha anageuzwa kuwa mvuke kwa kloridi ya bati na mvuke unapitishiwa mwanga wa nanomita 253.7 ambao zebaki anaufyonza. Yaani yenyewe haijali nani kamkumbatia nani. Maji ya bwawa yaliyochujwa yalikuwa chini ya ile mikrogramu 6. Kisima kilikuwa chini pia, ila chuma kilikuwa juu, ndo ile ladha aliyosema mama, na baadaye watu wa afya wakakuta kisima kina uchafu wa choo, ndo yale matumbo. Mtaro wa matenki ulizidi kiwango mara nyingi. Sitaki kutaja namba maana ni sampuli moja ya siku moja na najua namba ikishatoka inaanza kutembea yenyewe.

Lakini usikimbie na hilo la bwawa. Tulipeleka na tope la chini ya bwawa, na lile tope lilikuwa na zebaki wa kutosha, maana zebaki ya maji maji ni nzito, inazama, na haiyeyuki sana kwenye maji, karibu mikrogramu 60 kwa lita ndo mwisho wake maji yakiwa na joto la kawaida, na hata hicho kinachoyeyuka kinakuwa zebaki mzima asiye na chaji, si ioni, kwa hiyo karatasi haimwoni vile vile. Ukipima maji ya juu ukasema bwawa ni freshi, umepima sakafu ya pili ya nyumba wakati moto uko chini. Humo kwenye tope, pasipo na hewa, kuna bakteria wanaomgeuza zebaki kuwa methili zebaki, ile aina iliyoua watu kule Minamata, Japani, kupitia samaki. Karatasi yetu hiyo nayo haikutengenezwa kuipima.

Nikarudi kijijini. Peke yangu, bila tochi. Nikaomba mkutano kwa mwenyekiti, nikasimama mbele ya watu wale wale nikasema nilichosema siku ile kuhusu bwawa na mtaro nilikosea, na mtaro ndo wenye shida kubwa, watu wakaguna. Meneja hakuja. Ile picha yake alikuwa ameshaituma kwa wakubwa wake na nikaambiwa ilishapelekwa hata wilayani kama ushahidi kuwa maji yao yamepimwa na mtaalamu. Mtaalamu mwenyewe ndo mimi. Nikaandika barua ya kuifuta na kuambatanisha majibu ya Mwanza, na mpaka leo najua kabisa picha inasafiri haraka kuliko barua.

Rafiki yangu wa polima nilimpigia simu nikamweleza yote, nilidhani atakasirika, kumbe akacheka, akasema huku kwao sampuli ya "maji halisi" ni maji ya bomba la chuo yaliyotiwa zebaki na wao wenyewe, na nanomola 10 yake imekokotolewa kwa mashine, kutoka kwenye mteremko wa grafu, si kwa macho ya mtu na tochi ya noti ndani ya ofisi ya kijiji. Toka hapo tumebadilisha namna ya kutumia karatasi. Maji yanachujwa kwanza kwa chujio la maikroni 0.45. Kila sampuli inapata karatasi mbili, moja kwenye maji yenyewe na moja kwenye maji hayo hayo niliyotia zebaki ninayemjua, na hiyo ya pili isipozima, matokeo ya ile ya kwanza hayasomwi kabisa. Kila iliyozima inasuuzwa halafu inapewa sisteini. Yeye kwa upande wake anatengeneza polima yenye rangi mbili, moja inafifia kwa zebaki na nyingine haibadiliki, ili ukipima uwiano wa rangi tope likiziba linaziba zote mbili sawa. Hiyo naisubiri. Na maji yoyote yaliyopita kwenye sainaidi karatasi hailetwi kabisa, hayo ni ya maabara moja kwa moja.

Mzee mwenye mwalo nilimfuata kwake jioni ile kumwomba radhi. Alinikaribisha, mke wake akaleta uji, tukakaa kwenye banda la jiko. Akasema yeye hakuwa na kinyongo, kinachomuuma ni kwamba wajukuu wake waliambiwa shuleni babu yenu anauza sumu. Tunaongea hivyo hivyo akatoa kitambaa mfukoni, ndani kuna donge la zebaki na dhahabu la siku ile, karibu nusu ya donge kama lile huwa ni zebaki, akaliweka kwenye kijiko akakipeleka kwenye makaa. Pale pale, sufuria la uji liko pembeni, mjukuu kakaa kwenye kigoda.

Nikamwambia mzee toa nje, huo moshi ndo mbaya kuliko yote tuliyopima, bwawa na kisima na mtaro vyote haviingii mwilini kama hiki kinachovutwa sasa hivi na mtoto. Uchimbaji mdogo wa dhahabu duniani ndo unaotoa zebaki nyingi hewani kuliko shughuli nyingine yoyote ya binadamu, kama asilimia 38 kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa ya 2018, na inatoka kwenye vijiko kama kile. Akamwambia mtoto atoke, yeye akabaki. Nikamuuliza kuhusu ritoti, ile chungu ya chuma inayofungwa na kurudisha mvuke, kumbe anayo, waligawiwa na watu wa mradi, iko chini ya kitanda.

"Inafungwa kijana," akasema, "nikiifunga siioni dhahabu yangu. Hao vijana wangu nao wamesimama hapa wanasubiri mgao, nikifunga watasema nimeficha."

Akanyoosha mkono akaomba ile karatasi yangu, alitaka aiweke juu ya moshi aone kama itazima. Nilikuwa nayo moja kwenye daftari. Nikamwambia hiyo haipimi hewa mzee, hata ukiishika hapo mpaka asubuhi itawaka tu. Akaichukua hivyo hivyo akaiangalia, akaichomeka kwenye ukuta wa banda pembeni ya kalenda, na donge kwenye kijiko likawa limeshaanza kugeuka njano.